Robine Inashika

Kazi yangu ni kusikiliza watu wakilalamika, na Mungu aliyenipa kazi hiyo alisahau kunipa subira. Ninasimamia nyumba za kupangisha hapa Kalemie, nyumba za bwana mmoja anayekaa Lubumbashi. Wapangaji wanamwita bayeri, na wengi wao hawajawahi kumwona uso. Uso wake njo mimi, ndiye mimi. Choo kikiziba, ni mimi. Bati likiruka kwa upepo wa ziwa, ni mimi. Jirani akipiga muziki mpaka mtoto mchanga asilale, wanakuja kunikasirikia kana kwamba jirani huyo nimemzaa mimi. Wananiita Mama Jeranti, na wakiwa na hasira wananiita majina mengine ambayo sitayaandika.

Zamani walikuja wenyewe kwenye biro, yaani ofisini kwangu, wakakaa kwenye benchi, wakaeleza shida yao mpaka ikaisha. Mara nyingine iliisha kwa kuelezwa tu. Halafu bayeri akanunua programu ya kompyuta. Tangu hapo mpangaji anaandika shida yake kwa simu, na shida hiyo inaitwa tiketi, kana kwamba mtu anasafiri. Tiketi haiji kwangu moja kwa moja. Inakwenda kwanza Lubumbashi, kwa binti mmoja aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Yeye anaisoma kwa Kiswahili, anaiandika upya kwa Kifaransa kwa maneno mawili matatu, anaipa rangi, ndipo inashuka kwenye kompyuta yangu. Nyekundu ni ya kukimbilia. Njano ni ya wiki hii. Kijivu inaweza kungoja. Binti huyo si mjinga na simsemi vibaya, lakini amekulia Lubumbashi, na Kiswahili chao na chetu ni ndugu wa mama mmoja wasioelewana kila siku.

Tena kuna jambo la salamu. Mtu wa hapa haanzi na shida. Ataniuliza nimeamkaje, watoto wameamkaje, kazi inaendaje, atamshukuru Mungu, halafu chini kabisa ataniambia kwamba paa limeanguka. Maneno mawili matatu ya binti hayatoshi, na programu inaonyesha mwanzo wa ujumbe wenyewe tu. Kwa hiyo kila asubuhi nilifungua kompyuta nikakuta watu wa Kalemie wote ni wazima na wote wananipenda. Ilibidi nibonyeze kila salamu moja moja kutafuta ni nani kati yao anayezama. Nilikuwa natukana peke yangu, na mlinzi wa mlangoni alizoea, hakuinua tena kichwa.

Siku ninayotaka kuisimulia, mji ulikuwa umekaa bila umeme kwa muda mrefu sana. Mashine kule kwenye bwawa ilikuwa imekufa, vipuri vikasubiriwa, na kila wiki tuliambiwa ni wiki hii. Hatimaye redio ikatangaza kwamba umeme utarudi leo, alasiri, mtaa baada ya mtaa. Ungeona mji ulivyochangamka. Wanawake walikuwa wanaosha mafriza barazani. Vinyozi walikuwa wamekaa mbele ya vibanda vyao kama watu wanaongoja mgeni uwanja wa ndege. Hata mimi niliyezoea kuchaji simu kwa jenereta ya jirani na kumwambia asante mpaka ulimi ukauma, nilifurahi.

Lakini nilijua pia kwamba umeme ukirudi nitapata tiketi nyekundu za kunizika. Balbu zitapasuka, friza zitaungua, na kila mmoja atasema ni kosa la ajansi, yaani sisi tunaosimamia nyumba. Basi nikasema leo nimalize zile za kijivu kabla ya hayo mafuriko. Jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma, chai yangu ilikuwa mezani, nikaanza kufunga tiketi moja baada ya nyingine.

Nikafika kwa Mama mmoja wa mtaa ulio ng'ambo ya reli. Nieleze ni nani. Ni mjane, Mwislamu, wa zile familia ambazo babu zao walivuka ziwa kutoka Ujiji na biashara zao wakabaki huku. Anakaa peke yake chumba cha mwisho katika parseli, yaani kiwanja kimoja chenye geti na wapangaji wengi, uani kukiwa na robine moja ya chuma, koki ya maji wanayotumia wote. Anasema Kiswahili cha adabu mpaka mimi mwenyewe nikiongea naye najinyoosha mgongo. Tangu niingie kazini sikumbuki ameleta lalamiko la maana. Wapangaji wengine katika parseli ile wana tiketi kama mvua. Yeye, ukimwona kwenye programu, ni salamu na shukrani.

Ujumbe wake wa siku hiyo ulikuwa umepewa rangi ya kijivu na neno moja la Kifaransa, yaani shukrani. Nikaufungua kwa sababu ni yeye, kwa heshima tu. Aliandika hivi:

"Asalaam alaykum mwanangu Mama Jeranti. Habari ya kazi, habari ya watoto? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Naandika kushukuru kwa yule fundi muliyemutuma. Robine ya uani sasa haishiki tena. Tangu umeme ulipokatika haijashika hata mara moja. Nimerudi kutawadha pale pale, sihangaiki tena na ndoo. Mungu awalipe."

Nikatabasamu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufunga. Nikanywa chai, nikausoma tena kwa raha, kwa sababu mtu anayekushukuru katika kazi yangu ni adimu kama theluji. Na hapo nikakiweka kikombe chini.

Tangu umeme ulipokatika.

Nikatafuta tiketi yake ya kwanza, ile ya kabla giza halijaingia mjini. Salamu, watoto, Mungu ashukuriwe, halafu mwishoni: robine ya uani inashika kidogo, inashika mikono, mukipata nafasi mututazamie. Binti wa Lubumbashi alikuwa ameandika kwa Kifaransa kwamba robine imekwama. Inashika, yaani ni ngumu kufunguka. Rangi ya kijivu. Tiketi ikaenda kwa fundi wa mabomba, naye akafika pale umeme ukiwa umeshakatika. Akafungua robine, akafunga, akaona inazunguka vizuri kabisa. Akaandika kwamba hakuna cha kutengeneza. Tiketi ikafungwa.

Sisi watu wa ziwani, umeme ukimpiga mtu tunasema umemshika. Hata yule samaki wa ziwa anayetetemesha mkono, mvuvi akimgusa anakuambia, amenishika. Mama hakusema robine imekwama. Alisema robine ina umeme. Na katika giza lote lile robine ilikuwa imelala tu, naye akadhani tumeiponya. Sasa alikuwa anasimama pale miguu mitupu, juu ya saruji yenye maji, mara tano kwa siku, anashika chuma kwa mkono wenye maji. Na leo alasiri umeme unarudi. Alasiri njo wakati wa sala.

Nikampigia simu. Imezimwa. Bila shaka alituma ujumbe ule na chaji yake ya mwisho, na kujaza tena angeweza umeme ukirudi tu. Nikapiga tena kama mjinga, kana kwamba simu iliyokufa inafufuka ukiikazania.

Nikampigia binti wa Lubumbashi, si kwa sababu angeweza kunisaidia, ni kwa sababu nilikuwa na hasira na hasira inatafuta mtu. Nikamuuliza inashika ni nini. Akasema kwa upole, Mama, si ni kukwama. Nikamwambia ni nini kwa maneno makali, na jenereta ikinguruma nilikuwa napiga kelele. Halafu akaniuliza kama yule Mama ana watu karibu. Swali lilikuwa la akili kuliko yote niliyokuwa nimefanya mpaka dakika ile, na ninamshukuru mpaka leo.

Nikatafuta namba za wapangaji wa parseli ile. Wa kwanza hakuitika. Wa pili aliitika, yule baba mwenye friza mbili anayeuza maji ya baridi na samaki. Nikamwambia, Papa, nakuomba, kimbia uteremshe swichi kubwa ya parseli, umeme usiingie mpaka nifike. Akacheka. Akasema amengoja umeme mpaka ameuza jenereta yake, na sasa ajansi inataka awe wa mwisho kuupata. Nikamwambia robine ina umeme, itaua mtu. Akasema mbona fundi wenu alikuja akasema ni nzima, yeye mwenyewe alimwona. Na kweli alimwona! Nikaanza kumweleza, akasema kuna mteja mbele yake, akakata. Nilipopiga tena hakuchukua. Nilimtukana pale pale kwenye biro, na hapo mlinzi aliinua kichwa.

Nikampigia fundi wa umeme, nikamwambia tukutane kule, akaahidi kwa sauti ya mtu ambaye bado yuko kwenye kiti. Nikatoka mbio. Motari wa kwanza niliyemwona nilimpandia pikipiki kabla sijamwambia tunakwenda wapi.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye reli. Pale, treni ya Nyunzu ilikuwa imesimama juu ya barabara. Wiki nzima unaweza usione treni, na siku hiyo ilikuwa pale, mabehewa marefu, watu juu ya magunia, wengine wakipitisha mikungu ya ndizi chini ya magurudumu. Motari akazima pikipiki na kuegemea usukani. Akaniambia kwa utulivu kwamba haraka haraka haina baraka, Mama. Nilitamani kumpiga kofi.

Nikamwuliza mtu aliyekuwa juu ya behewa kama treni inaondoka sasa hivi. Akanijibu kwamba ikiondoka nitaiona. Nikavua viatu, nikafunga kitambaa changu kiunoni, nikapanda pale mabehewa yanaposhikana. Mimi, Mama Jeranti, na magoti yangu haya. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha dagaa akanisukuma kwa nyuma bila kuulizwa, akiniambia nipite tu dada, isije ikatukatia miguu. Nikaruka upande wa pili nikaanguka kwa mikono. Nikasimama.

Na hapo nikasikia kelele.

Kila aliyeishi mji usio na umeme anaijua kelele ile. Inaanzia mbali, mtaa mmoja, watoto kwanza, halafu watu wazima wanadakia: imerudi! Siku nyingine yoyote ningeipokea na mimi. Siku hiyo nilisikiliza tu inatokea wapi. Ilitokea upande wa bandari. Ikanyamaza kidogo, halafu ikashika mtaa wa pili, karibu zaidi, na redio moja ikafunguka kwa nguvu mahali fulani. Umeme ulikuwa unatembea mtaa kwa mtaa, kama walivyotangaza, na ulikuwa unanitangulia.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu vita ilipotutoa nyumbani, na wakati ule nilikuwa na mwili mwingine. Viatu vilikuwa mkononi. Watu waliniona nikipita wakacheka, wakadhani nakimbilia friza yangu. Nilikuwa nasali, lakini sala yenyewe haikuwa na adabu, nilikuwa namwambia Mungu tu, usithubutu, usithubutu. Muadhini akaanza. Sauti yake ilikuwa ya mdomo tu, bila spika, halafu katikati ya adhana spika ikashika ghafla na sauti ikajaa mtaa wote. Nikajua kwamba mpaka msikitini umeme umefika. Na msikiti ule uko nyuma ya parseli yenyewe.

Nikaingia getini. Uani watu walikuwa wanashangilia. Yule baba mwenye friza alikuwa amepiga magoti mbele ya friza yake akisikiliza mashine. Muziki ulikuwa umeshawaka. Na pale mwisho, kwenye saruji, Mama alikuwa amesimama miguu mitupu ndani ya maji, mikono ya nguo imekunjwa mpaka kiwiko, mkono wa kulia umenyooka kuelekea robine.

Nikamwita kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. Sikusema robine, sikusema umeme, nilisema "Mama" tu.

Akageuka. Aliponiona mimi, mgeni, nimetota jasho na viatu mkononi, akauacha mkono ule hewani, akaufuta kwenye kanga, akanijia mimi kwanza.

"Mwanangu, karibu. Kuna nini? Watoto wazima?"

Nilimkamata mikono yote miwili nikamvuta mpaka ukutani, mbali na saruji. Akanishika kichwa akidhani nimefiwa. Aliuliza nani, nani amekufa. Sikuweza kumjibu, nililia, sioni haya kusema. Halafu nikamwacha na watu wawili, nikawaambia asiiguse robine, asiiguse mtu yeyote, nikaenda moja kwa moja kwenye sanduku la umeme karibu na geti, nikateremsha swichi kubwa.

Muziki ukafa. Friza zikanyamaza.

Kilichofuata sipendi kukikumbuka. Penye wengi pana mengi, na pale palikuwa na watu waliokuwa wamengoja mwanga kwa muda wote ule wakaupata kwa muda wa kunawa uso, halafu mwanamke wa ajansi akaja akauzima. Walinijia wote pamoja. Yule baba wa friza akaniambia nitoke mbele ya sanduku. Nikamwambia sitoki. Akasema tena, na safari hii alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya samaki mikononi mwake. Nikaweka mgongo kwenye sanduku. Niliwaeleza, lakini kila mmoja alikuwa anasema lake. Wengine walisema robine ilipimwa. Wengine walisema wao huwa wanavaa sandali za plastiki na hawajawahi kusikia kitu. Mmoja alisema wazi kwamba ajansi inatafuta namna ya kuwatoa.

Mama alikuja katikati yao. Walimpisha, maana wote wanamheshimu. Alikuwa ameshaelewa kwamba kelele zile ni kwa ajili yake, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa aibu. Akaniambia nirudishe umeme. Akasema yeye atateka maji ziwani, si mbali, amezoea, watu wasikose umeme kwa ajili ya mtu mmoja. Akawaomba msamaha. Yeye, aliyekuwa karibu kufa, aliwaomba msamaha mmoja mmoja!

Hapo nilipandwa na hasira ya kweli. Nilimwambia Mama anyamaze. Sijawahi kumwambia mtu wa umri wake maneno hayo, na watu waliguna.

Fundi wa umeme akaingia akiwa amebeba mfuko wake. Naye treni ilikuwa imemkamata. Alinisikiliza, hakubishana na mtu. Akatoa bisibisi yake ya kupimia, ile yenye taa ndogo ndani ya mpini, akasema watu wote wasogee mbali na maji, halafu akaniambia nipandishe swichi kidogo tu. Nikapandisha. Akasimama juu ya ubao mkavu, akagusa robine kwa ncha ya bisibisi, akafunika mpini kwa kiganja ili jua lisimzuie kuona. Akamwita yule baba wa friza aje aangalie. Yule baba akainama, akachungulia ndani ya kiganja.

Taa ilikuwa inawaka.

Yule baba akarudi nyuma hatua moja, halafu akaja mwenyewe mpaka kwenye sanduku, akateremsha swichi kwa mkono wake, akabaki amesimama pale akililinda. Mke wake alikuwa amekaa chini, ameshika kifua. Nilikumbuka kwamba na yeye anafulia pale.

Fundi alitafuta mpaka akapata. Waya wa taa ya uani ulikuwa umefungwa kwenye bomba la chuma lililopita ndani ya ukuta, na ngozi ya waya ilikuwa imelika. Ni kazi iliyofanywa zamani na watu wa ajansi, kabla yangu, lakini ajansi ni ajansi. Akaukata, akapima tena, taa haikuwaka, tukarudisha umeme. Safari hii hakuna aliyeshangilia. Friza zilianza kunguruma taratibu, na mtu mmoja akapunguza muziki.

Mama alitawadha kwa ndoo, akasali, akatoka. Nikakaa naye kwenye kizingiti cha mlango wake. Nilikuwa nimeshatulia kidogo, lakini bado mdomo ulikuwa unaniwasha. Nikamwambia, Mama, mficha uchi hazai. Kwa nini uliandika "inashika kidogo"? Kwa nini hukuandika kwamba inaua?

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Haikuwa imeua mutu, mwanangu. Ningeandikaje uongo?"

Akaniletea maji ya kunywa, na nilipoyaangalia yale maji nikashindwa kuyanywa mara moja. Akaniulizia watoto tena, sasa kwa kweli, kila mmoja na masomo yake. Nilipoinuka akanisindikiza mpaka getini kama inavyopasa. Pale, mbali kidogo na watu, akanishika mkono, akateremsha sauti.

"Hii ya leo nayo mutaihesabu?"

Sikumwelewa. Nikamwuliza kuhesabu nini. Akaniambia kwa aibu, akiangalia chini, kwamba watu wanasema ndani ya kompyuta yetu kila mpangaji ana hesabu yake ya malalamiko, na mkataba ukiisha bayeri anaangalia hesabu hiyo kwanza kabla ya kusaini tena. Mwenye kelele anatolewa. Yeye hana mahali pengine pa kwenda, watoto wake walivuka ziwa zamani. Kwa hiyo amekuwa akijizuia. Bati la juu ya kitanda chake linavuja, hakuandika. Mlango wa choo ulianguka, aliufunga kwa kamba, hakuandika.

Nilitaka kumwambia ni maneno ya watu. Lakini hesabu hiyo ipo. Iko upande wa kulia wa kila jina, nimeiona kila siku ya kazi, na nimemsikia bayeri kwenye simu akiniuliza ni nani mwenye namba kubwa. Sikuwahi kufikiri kwamba na wao wanaijua. Nilisimama getini nimejaa aibu, na aibu ile haikuwa ya kwangu peke yangu lakini mimi njo niliyekuwa pale kuibeba. Nikamwambia hii haitahesabiwa, hii nitaiandika kwa jina langu. Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona kwamba haniamini sana.

"Nilikuwa nimejiwekea," akasema. "Nilisema nisiwasumbue kwa vidogo, niweke nafasi yangu, siku moja nitapata shida kubwa kweli, siku hiyo niandike. Hii ya robine niliifikiria sana, mwanangu. Sikujua kama hii njo ile kubwa."